Nani Ana Hisa Kwenye Mistari? Biashara ya Makundi ya Hip Hop Ikitazamwa Kutoka Kawetele

Mtu anayetaka kujua kama hip hop ina soko wilayani Rungwe apite Kawetele jioni. Kata hii iko mjini Tukuyu, na muziki unasikika kwenye saluni za kiume, kwenye bodaboda zilizofungwa spika, kwenye Coaster zinazopanda Uyole na zinazoshuka Kyela. Nyimbo hizo nyingi hazikununuliwa dukani. Zimeingizwa kwenye fleshi au memori kadi na kijana mwenye kompyuta kibandani. Mteja anataja wasanii anaowataka, anahamishiwa nyimbo, analipa, anaondoka. Mwenye kibanda amepata ya pango na umeme. Mwenye gari amepata abiria wanaopenda muziki wake. Walioandika mistari, waliotengeneza biti na waliokesha studio wakirekodi hawamo kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Biashara ya rekodi za hip hop Tanzania ina zaidi ya miaka 30 sasa. Imepita kwenye kanda, ikaja CD, ikaja miito ya simu, sasa ni mtandao. Kila chombo kipya kilipoingia wasanii waliambiwa kwamba safari hii watakula. Ninavyoona mimi, chombo hakijawahi kuwa ndicho kinachoamua. Kinachoamua ni nani anashika masta ya wimbo, yaani rekodi yake ya asili, na ni jina la nani limeandikwa kwenye karatasi. Jambo hilo linauma zaidi kwenye kundi kuliko kwa msanii wa peke yake. Kundi lina jina moja na midomo minne au mitano ya kulisha, na siku mmoja anapoondoka hakuna anayeweza kusema kwa uhakika wimbo ule ni wa nani.

Historia yenyewe inaanza na mali ya kuazima. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa Vanilla Ice wa Marekani akauwekea mistari ya Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam wakagundua kwamba muziki wa kufokafoka unaweza kusemwa kwa lugha yao. Kisanaa ilikuwa hatua kubwa. Kibiashara, msanii wa aina hiyo alikuwa na maneno tu, mdundo ulikuwa wa mtu mwingine. Miaka miwili baadaye, 1993, makundi madogo ya Dar yaliungana na kuwa Kwanza Unit, na humo walikuwamo kina Rhymson, KBC na Fresh G. Albamu yao ya Kwanzanians ilitoka mwaka 1999. Hiyo ni miaka sita ya shoo, ya kubembeleza redio na ya kutafuta studio inayoelewa hip hop. Waliwafungulia wengine njia, na katika biashara mfungua njia mara nyingi ndiye anayelipia barabara ambayo wenzake watapita bure.

Redio nazo zilikuwa zinajifunza. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyokuwa na redio, na Radio One iliyoanza mwaka 1994 ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza za binafsi. Hapo ndipo mstari uliorekodiwa Dar ulipoanza kufika kwenye masikio ya watu wengi kwa haraka.

Soko lenyewe lilikuwa Kariakoo. Wasambazaji wachache walikuwa na mitambo ya kunakili kanda, na wao ndio waliokuwa na mtandao wa kuzipakia kwenye mabasi kwenda Mwanza, Arusha, Mbeya na huku kwetu. Utaratibu ulikuwa mwepesi mno: msanii anapeleka masta, anapewa fedha ya mkupuo, anasaini, anaondoka. Kanda ngapi zilichapwa baada ya hapo, hakuwa na njia ya kujua. Kama albamu ilikufa, msambazaji alikula hasara. Kama iliuza nchi nzima, faida ilikuwa yake. Wasanii wengi wa kipindi hicho walilalamika kwamba waliibiwa, na wizi ulikuwapo kweli, hasa wa kunakili kanda mitaani. Lakini sehemu kubwa ya kilichotokea haikuwa wizi kisheria. Ilikuwa mauzo. Waliuza shamba wakidhani wameuza mavuno.

Mbeya ilitoa mtu aliyeuelewa mchezo huu mapema. Joseph Mbilinyi, anayefahamika kwa majina ya Mr. II, 2Proud na Sugu, alitoa Ni Mimi mwaka 1995 na Ndani ya Bongo mwaka 1996, kisha akaendelea kuachia albamu mfululizo hadi miaka ya 2000. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mhasibu unaona mantiki yake: ikiwa kila albamu inakulipa mara moja tu, basi itabidi uwe na albamu nyingi. Sugu hakuishia hapo. Alidai haki za wasanii hadharani kwa miaka mingi, akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 na tena 2015, na ana hoteli jijini Mbeya. Kijana wa Rungwe anayetafuta mfano wa karibu hana haja ya kuvuka mlima Kitonga kwenda Dar.

Hata hivyo Sugu alikuwa mtu mmoja. Kwa upande wa makundi, somo lililo kamili kuliko yote limetoka Arusha, kwa X Plastaz, na hapa inafaa tukae kidogo.

X Plastaz walianza mwaka 1996. Walikuwamo Faza Nelly na Ziggy, alikuwamo Gsan pamoja na wadogo zake Dineh na Steve, kisha akaingia Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimaasai aliyejulikana pia kama Merege. Arusha haikuwa na wasambazaji wa Kariakoo wala studio kubwa za Dar. Wimbo wao wa Bamiza uliwapa jina nchini, lakini jina la nchini, kwa utaratibu wa kanda nilioueleza, lisingelisha watu sita. Walichokifanya ni kutafuta soko jingine kabisa. Kupitia watu wa Uholanzi waliokuwa wakifuatilia hip hop ya Afrika walianza kupata maonyesho Ulaya, na mwaka 2004 lebo ya OutHere ya Munich, Ujerumani, ikatoa albamu yao ya Maasai Hip Hop. Mwaka huohuo lebo hiyo ilitoa pia mkusanyiko wa nyimbo za wasanii mbalimbali wa rap ya Kiswahili kutoka Tanzania.

Kiuchumi mambo kadhaa yalitokea kwa pamoja. Kwanza, CD moja iliyouzwa Ulaya ilikuwa na bei kubwa mara nyingi kuliko kanda ya Kariakoo, kwa hiyo hata mauzo madogo yalikuwa na maana. Pili, rekodi iligeuka tangazo la maonyesho. Tamasha la Ulaya linamwalika msanii kwa mkataba, kwa tiketi, kwa malazi na kwa malipo yaliyokubaliwa kabla hajapanda ndege, na mwandaaji anataka kwanza asikie albamu. Dhana ya Kariakoo kwamba shoo zinaitangaza kanda ikapinduliwa.

Jambo la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi. X Plastaz waliuza kitu ambacho kundi la Dar lisingeweza kukiiga wiki inayofuata. Sauti ya Merege, mavazi yake na uimbaji wa Kimaasai ndani ya biti ya hip hop vilikuwa mali ya mahali. Wapo waliowasema kwamba wanajipamba kwa utamaduni ili kuwafurahisha Wazungu. Mimi sikubaliani nao. Merege alikuwa Mmaasai anayeimba kwa namna ya kwao, na wenzake wa Arusha waliishi jirani na Wamaasai maisha yao yote. Walichukua kilichokuwa karibu nao wakakipandisha thamani, na hivyo ndivyo biashara yoyote ya uzalishaji inavyofanya.

Njia hiyo ilikuwa na gharama zake pia. Kusafirisha watu sita ni tiketi sita, viza sita, vyumba na chakula, na makato hayo yanatoka kabla mtu hajaona senti. Soko la nje lilikuwa mikononi mwa watu wa nje, nao ndio waliojua namba za mauzo. Nyumbani, kanda zilibaki na bei yake ileile. Na kundi linalobebwa na watu wachache wenye vipaji maalumu hutikisika vibaya linapompoteza mmoja. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alionekana kwenye saifa (uchanaji wa zamu) ya tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani, akichana kwa Kiswahili mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kusikia Kiswahili kikichanwa. Ilikuwa heshima kubwa kwa Arusha. Ila jukwaani alisimama mtu mmoja, si kundi.

Hayo ya kundi kuzaa nyota wa peke yake yana mifano mingi. Hard Blasters walivuma na Chemsha Bongo, na muda si mrefu Joseph Haule akatoka humo akawa Profesa Jay, akatoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi. Kote huko, mali ya pamoja iliachwa ijigawe yenyewe.

Weusi, nao wa Arusha, walikuja na jibu jingine. Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyez waliotoka Nako 2 Nako, pamoja na Bonta, kila mmoja alikuwa na jina lake kabla ya kuungana. Walijiita kampuni, na walijaribu kuishi hivyo: msanii anatoa nyimbo zake, kundi linatoa za kundi, na jina la Weusi linabaki kuwa la wote hata mmoja akiwa kimya. Gere ulikuwa wimbo wa wote. Albamu ya Air Weusi ilitoka mwaka 2021, miaka mingi baada ya makundi ya rika lao kusambaratika, na mwaka huohuo Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Kundi ambalo mwanachama wake anaweza kupata kazi ya serikali na bado jina likaendelea kufanya kazi limejengwa kwa akili ya biashara.

Turudi kwenye chombo cha kuuzia muziki. CD ilipochukua nafasi ya kanda, unakili ukawa rahisi zaidi: kompyuta moja na diski tupu zilitosha. Serikali iliweka stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, ili CD halali ijulikane. Wazo lilikuwa zuri ila lilichelewa, kwa sababu wanunuzi walishaanza kuhamia kwenye simu.

Simu ikaleta fedha ambazo msanii wa Tanzania hakuwahi kuziona, na ikaleta kesi. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja kubwa ya simu iwalipe Ambwene Yesaya, yaani AY, na Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa. Ninachotaka msomaji akione ni kilichowapa nguvu ya kufika mahakamani: waliweza kuonyesha kwamba nyimbo ni zao. Makundi mangapi ya mkoa wa Mbeya yangeweza kuonyesha hivyo leo?

Sasa ni zama za kusikiliza mtandaoni. Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021, Boomplay ilikuwapo kabla yake, na YouTube ndiyo inayotazamwa zaidi mitaani kwetu. Tuzipige hesabu kwa kundi la Kawetele lenye watu wanne. Kwa video za kawaida, YouTube haianzi kumlipa mtu sehemu ya matangazo mpaka chaneli yake ifikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Spotify, tangu 2024, haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya mwaka. Baada ya hapo hakuna bei ya kudumu. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila kusikilizwa, na msikilizaji wa nchi maskini huwa ana thamani ndogo zaidi ya hiyo.

Tuseme wimbo umesikilizwa mara 100,000, jambo ambalo kwa kundi changa la wilayani ni ushindi mkubwa. Kwa makadirio hayo ni dola 300 hadi 500. Tukihesabu dola moja kuwa shilingi 2,500, ni kati ya shilingi 750,000 na 1,250,000. Wagawie wasanii wanne na prodyuza mafungu sawa: kila mmoja anapata kati ya 150,000 na 250,000, kabla ya kukata studio, video, picha ya kava na nauli. Wimbo mmoja uliofanikiwa haulipi kodi ya nyumba ya mwaka. Nyimbo 20 ambazo kundi linazimiliki lenyewe, zikiendelea kusikilizwa miaka 10, ni habari nyingine. Hakimiliki kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mjukuu anaweza kula, ikiwa babu hakuuza haki zake.

Mirabaha ya redio na kumbi ni mlango mwingine, na bado haujafunguka vya kutosha. COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, ilizaliwa na sheria hiyohiyo ya 1999. Mwanzoni mwa 2022 iligawa takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Kwa wastani ni chini ya laki tatu kwa mtu. Ni kidogo, ila kuna sharti lililo muhimu kuliko kiasi: aliyelipwa ni yule ambaye kazi yake ilikuwa imesajiliwa. Wimbo unaopigwa redioni Mbeya kila siku bila kusajiliwa unaingia kwenye hesabu kama upepo.

Hapa Rungwe watu wanaujua uchumi huu hata kama hawajawahi kushika maikrofoni. Mkulima wa chai anauza jani bichi kwa kilo, na thamani kubwa inaongezwa kiwandani na kwenye pakiti. Wakulima wadogo wa wilaya hii, kupitia chama chao cha RSTGA, walipata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea yenye kiwanda Katumba. Hawakuacha kulima, na wala kiwanda hakikuwa chao chote, lakini waliingia upande ambako thamani inaongezwa. Kundi la hip hop linalomlipa prodyuza wa nje kisha likampa mtu mwingine masta linauza jani bichi.

Kuingia upande wa kiwanda kwa kundi la Kawetele hakuhitaji mamilioni. Kompyuta, maikrofoni nzuri na chumba kilichotulizwa sauti vinaweza kumilikiwa kwa pamoja. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya vijana vimezoea kuiombea bodaboda, kuku na matofali. Sioni sababu ya studio kutokuwamo, mradi kikundi kipeleke andiko lenye hesabu: watarekodi nani, kwa bei gani, na watalipaje. Kwaya za makanisa peke yake, na Rungwe kwaya hazihesabiki, ni wateja wa mwaka mzima. Hip hop ingekaa humo na kulipiwa umeme na injili, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Soko la maonyesho nalo lipo. Uwanja wa Tandale umejaza watu kwa tamasha la ngoma za asili, kwa hiyo hadhira ya Tukuyu hutoka ikiitwa. Barabara ya kutoka Uyole kwenda Kyela inaunganisha Kiwira, Tukuyu na Kyela, miji inayoweza kupangwa kwenye ziara ya siku tatu bila kulala njiani. Ling'oma, ngoma ya Wanyakyusa, iko hapahapa, na wazee wanaoipiga wapo. Kundi litakalochana kwa Kiswahili na Kinyakyusa juu ya ngoma hiyo litakuwa na kitu ambacho hakitengenezwi Sinza ya Dar. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mji huu ulitoa Tukuyu Stars, timu iliyopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Haikucheza mpira wa kuiga Simba wala Yanga.

Njia ya kuondoka ipo pia, na vijana wengi wanaitamani zaidi. Rayvanny wa Mbeya alianzia kwenye mashindano ya fristaili, akaenda Dar, akapita kundi la Tip Top Connection na lebo ya WCB, akashinda tuzo ya BET mwaka 2017, na mwaka 2022 akaondoka WCB kusimamia lebo yake ya Next Level Music. Ni safari ya kupongezwa. Hata yeye, lakini, hatua yake ya mwisho ilikuwa kurudi kwenye umiliki.

Kwa hiyo ombi langu kwa makundi ya Kawetele na ya Rungwe nzima ni la kazi, na lifanyike kabla ya wimbo unaofuata. Kaeni siku moja, andikeni kwenye karatasi nani ametunga mistari, nani ametengeneza biti, kila mmoja ana asilimia ngapi, na jina la kundi litabaki kwa nani mmoja wenu akiondoka. Sainini wote pamoja na prodyuza. Sajilini jina la kundi kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na nyimbo zenu COSOTA. Masta ikae kwenye diski mbili, mikononi mwa watu wawili tofauti. Kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize dirisha la mikopo ya vijana linafunguliwa lini, mkiwa na andiko lenu mkononi.